UZI: John Bell, pepa ya kurasa 6 iliyopuuzwa kwa miaka na leo imenukuliwa zaidi ya mara elfu 10

Kombo_Fizikia

Wakuu salaam. Kule kwenye ule uzi wa wahadhiri kupandishwa vyeo naona watu wamekubaliana haraka sana kwamba ukitaka kujua mtafiti ni mzuri au sio, angalia pepa zake zimenukuliwa mara ngapi, basi, kazi imeisha. Nikaona badala ya kubishana hewani tumchukue mtu mmoja tumfuatilie toka mwanzo mpaka mwisho, kazi zake na namba zake. Nimemchagua John Stewart Bell, mwanafizikia wa kwanta, yani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama atomi na chembe zake. Pepa yake ya 1964 ndio moja ya pepa zinazonukuliwa sana kwenye fizikia nzima sasa hivi, ila ungempima kwa pepa hiyo hiyo mwaka 1968 ungesema huyu jamaa anapoteza muda wake. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi usiku akitulia.

Bell kazaliwa Belfast, Ireland Kaskazini, tarehe 28/7/1928. Nyumbani kwao hali ya kawaida sana, ndugu zake waliacha shule mapema wakaingia kazini, yeye ndio familia ikajibana akaendelea na sekondari ya ufundi. Kamaliza ana miaka 16 na umri wa kuingia chuo haujafika, kwa hiyo akaomba kazi pale Queen's University Belfast kama fundi wa maabara ya fizikia. Wale maprofesa wa pale, Karl Emeleus na Robert Sloane, wakaona kijana ana akili wakamwazima vitabu na kumruhusu akae kwenye mihadhara ya mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1945, kaingia kama mwanafunzi kamili, 1948 kachukua digrii ya fizikia ya majaribio na 1949 ya fizikia ya hesabu.

Kutoka hapo hakwenda kufanya PhD, hela hakuna, kaenda kuajiriwa kwenye taasisi ya nishati ya atomiki ya Uingereza pale Harwell, baadae Malvern, kazi yenyewe ni kupiga hesabu za mashine za kuharakisha chembe. Huko ndiko akakutana na Mary Ross, mwanafizikia Mskoti wa hizo hizo mashine, wakaoana 1954 na wakafanya kazi pamoja maisha yao yote. 1953 kazini wakampa likizo ya masomo akaenda Birmingham kwa Rudolf Peierls, akathibitisha kanuni inayoitwa CPT, moja ya nguzo za fizikia ya chembe, ila wakati anakamilisha kumbe Gerhart Lüders na Wolfgang Pauli wameshatoa ya kwao, kwa hiyo ukisoma vitabu vingi jina lake hulikuti. PhD kapata 1956. Halafu 1960 yeye na Mary wakaacha ajira za kudumu Uingereza wakahamia CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyopo Geneva, na huko ndiko alikokaa mpaka anafariki.

Sasa shikeni hili maana litarudi: mshahara wa Bell ulikuwa unatoka kwenye mashine na fizikia ya chembe. Yale mambo ya misingi ya kwanta yaliyompa jina alikuwa anayafanya pembeni, muda wake mwenyewe.

Kombo_Fizikia

Naendelea. Mwishoni mwa 1963 Bell na Mary walienda likizo ya utafiti Marekani, wakapita Stanford, Wisconsin na Brandeis. Mbali na kazi za CERN akapata nafasi ya kukaa na swali lililokuwa linamsumbua toka chuo: je, chembe ina sifa zake kabla hujaipima, au kipimo ndicho kinachozizaa? Wakati ule jibu rasmi lilikuwa swali halina maana, nyamaza piga hesabu. Na kulikuwa na hoja ya John von Neumann ya 1932 iliyosemekana inathibitisha kwamba huwezi kujenga nadharia yenye vigeu vilivyofichika chini ya kwanta, yani sifa ambazo chembe inazo tayari ila hatuzioni. Watu wakaifanya kama msahafu. Ila 1952 David Bohm kajenga nadharia ya namna hiyo hiyo, inafanya kazi, na Bell alipoisoma akaona kabisa kilichosemwa hakiwezekani kimefanyika.

Kwa hiyo akaandika pepa mbili. Ya kwanza inaonyesha wapi von Neumann kateleza, kaipeleka Reviews of Modern Physics. Wahakiki wakaomba marekebisho, akarekebisha akarudisha, halafu ofisi ya jarida ikaliweka faili pasipostahili, mhariri alipokuja kumwandikia kumuuliza mbona kimya barua ikaenda Stanford na Bell hayupo tena. Ikatoka 1966. Ya pili ndiyo ile kubwa, na hiyo kaipeleka kwenye jarida jipya lililoitwa Physics, la Philip Anderson na Bernd Matthias. Kwa nini sio Physical Review, jarida kubwa la fani? Kwa sababu Physical Review lilikuwa linatoza ada kwa kila ukurasa, na yeye mgeni kwenye chuo cha watu akaona haya kuwaambia wenyeji wake wamlipie kwa pepa ya mambo ambayo wengi waliona ni falsafa. Lile jarida jipya lilikuwa halitozi, tena lilikuwa linawalipa waandishi, japo nakala za kugawia wenzako unanunua mwenyewe, kwa hiyo hela inaishia pale pale.

Pepa ikapokelewa Novemba 1964, kurasa 195 hadi 200. Baada ya miaka michache tu jarida likafa. Maktaba nyingi hazikuwahi kuwa nalo. Na kwa sababu ile ya kwanza ilichelewa, matokeo yake pepa ya 1966 inauliza swali mwishoni ambalo ile ya 1964 ilishalijibu. Msomaji wa wakati ule angepata taabu kujua kipi kimetangulia kipi kimefuata.

Na 1964 hiyo hiyo ndio mwaka Eugene Garfield alizindua Science Citation Index kule Philadelphia, yani ile orodha kubwa ya nani kamnukuu nani ambayo ndio babu wa hizi namba zote mnazogombania. Chombo cha kuhesabu kimezaliwa mwaka mmoja na pepa, na kwa miaka mitano ya mwanzo kingekuonyesha waliomnukuu wa kuhesabu kwa vidole.

Bi_Rehema77

Kaka Kombo asante. Hiyo ya ada ya ukurasa imenigusa kwa kweli, maana sisi leo tunapita njia ile ile. Mtu una kazi nzuri, jarida linaloheshimika linakutajia dola elfu mbili, elfu tatu, msamaha wa ada wengine wanatoa wengine hawatoi, chuo hakina fungu, unaishia kupeleka pale unapoweza kulipa sio pale panapoifaa kazi. Halafu ukija kwenye kamati wanakuuliza mbona jarida lenyewe halijulikani. Sikujua kwamba hata Bell alichagua jarida kwa sababu ya bili.

Ngosha_wa_Mwanza

Mkuu umetuzungusha vizuri ila bado hujasema hiyo pepa inasema nini. Sisi wengine tuliishia fizikia ya form four. Weka kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Kombo_Fizikia

Ngosha umeuliza la maana, bila hilo namba zote zinakuwa kelele. Nitatumia namna ya David Mermin wa Cornell kwa sababu ndiyo fupi kuliko zote na hesabu yake unaimaliza kwenye karatasi.

Chukua mashine mbili, moja iko Dar nyingine iko Mwanza kwako, hakuna waya kati yao. Kila mashine ina swichi yenye nafasi tatu, 1, 2 na 3, na taa mbili, nyekundu na kijani. Katikati, tuseme Dodoma, kuna kitu kinatoa chembe mbili mbili, moja inakuja kwako moja inakwenda Dar. Kabla haijafika kila mtu anachagua nafasi ya swichi bila kumwambia mwenzake, chembe ikiingia taa moja inawaka, unaandika. Mnarudia maelfu ya mara kisha mnalinganisha daftari.

Mnagundua jambo la kwanza: kila mlipobahatika kuweka swichi nafasi moja, rangi zimefanana, mara zote, hakuna hata mara moja zimetofautiana. Sasa wewe mtu wa form four utasema nini? Utasema rahisi tu, zile chembe zilipotoka Dodoma kila moja imebeba kikaratasi cha maelekezo, mfano "swichi 1 nyekundu, swichi 2 nyekundu, swichi 3 kijani", na pacha wake kabeba kikaratasi kile kile. Hakuna muujiza. Hivyo ndivyo Einstein alivyotaka iwe, ndio maana ya pepa yake ya 1935 na Podolsky na Rosen.

Sasa hesabu. Angalia zile mara mlizoweka swichi tofauti. Jozi za swichi tofauti ziko tatu: 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Kikaratasi kina nafasi tatu lakini rangi ni mbili tu, kwa hiyo lazima, apende asipende, angalau nafasi mbili ziwe na rangi moja. Maana yake kwa kikaratasi chochote kile utakachobuni, kati ya jozi tatu angalau moja inafanana. Kwa hiyo mkiweka swichi tofauti mkichagua kiholela, rangi zifanane si chini ya mara 33 kati ya 100. Jaribu mwenyewe, andika vikaratasi vyote nane, hutapata chini ya hapo.

Kwanta inasema 25 kati ya 100. Na majaribio yanatoa 25.

Basi. Kikaratasi hakipo. Au kipo lakini kinachotokea Dar kinagusa kilichopo Mwanza papo hapo, chagua unachotaka, ila huwezi kubaki na vyote viwili, kikaratasi na kutokugusana kwa mbali. Na usidhani unaweza kutumia hii kutuma meseji kwa kasi kuliko mwanga, kila mmoja peke yake anaona nyekundu nusu kijani nusu bila mpangilio, maajabu yanaonekana mkilinganisha daftari tu. Bell ndiye wa kwanza kuona kwamba hili sio la kubishania kwenye baraza la falsafa, linapimika maabara. Hiyo ndiyo pepa.

Na kuna wanaosema mbona hata soksi zangu zikiwa pea nikiona moja nyekundu najua nyingine nyekundu. Bell aliwajibu hao hao mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa kumtumia mwenzake wa CERN, Reinhold Bertlmann kutoka Vienna, ambaye alikuwa na tabia ya kuvaa soksi za rangi mbili tofauti kila siku, ukiona mguu mmoja umevaa pinki unajua wa pili sio pinki. Soksi zina kikaratasi, ndio maana haziwezi kushuka chini ya 33. Chembe zinashuka.

Ngosha_wa_Mwanza

Nimeandika vyote nane mkuu. NNN na KKK zinafanana zote, sita zilizobaki kila moja inatoa jozi moja kati ya tatu. Kweli hakuna inayoshuka. Aisee, yani hilo tu?

Kombo_Fizikia

Hilo tu. Ndio maana kurasa ni 6.

Mtafiti_Mkavu

Mimi nitapinga kidogo, na mnisikilize vizuri kabla hamjanirukia. Bell ni mmoja. Mnachukua kisa kimoja cha ajabu mnataka kitupilie mbali kipimo kizima. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo kabla ya hizi namba cheo kilikuwa kinatoka kwa nani unamjua na nani unamsalimia vipi kwenye korido. Kuna mama mmoja pale kwetu, kimya, hana kundi, hana mkubwa wa kumshika mkono, aliwekwa mhadhiri msaidizi miaka na miaka wakati vijana wa mkubwa wanapanda. Siku kamati ilipolazimishwa kuweka mezani idadi ya pepa na kunukuliwa, yule mama akaonekana yuko juu kuliko wote kwenye idara, kazi zake zinatumika mpaka Brazil. Namba ndiyo iliyomtoa. Kwa hiyo ukiniambia namba ni mbaya nakuuliza, unataka turudi wapi?

Jirani_wa_Nairobi

Naunga mkono Mtafiti. Huku kwetu pia ndio hivyo, angalau namba haina kabila.

Kombo_Fizikia

Mtafiti hoja yako ni nzito na siipuuzi, huyo mama kastahili na zaidi. Mimi sijasema namba zitupwe. Ninachosema ni kwamba namba inakuja nyuma ya kazi, mara nyingine miaka thelathini nyuma, na kamati inakaa leo. Acha nionyeshe jinsi namba za Bell zilivyopanda, nani kazipandisha, na hao waliozipandisha iliwagharimu nini.

Wa kwanza ni John Clauser. 1967 ni mwanafunzi wa PhD Columbia, anasoma mambo ya anga, kakutana na lile jarida maktaba akasoma ile pepa akashindwa kulala. Akatafuta jaribio lolote lililowahi kufanyika kupima jambo hili, hakuna. 1969 kamwandikia Bell barua kuuliza kama kuna yeyote analifanyia kazi, Bell akajibu kwa furaha, imagine miaka karibu mitano imepita ndio mtu anauliza. Mwaka huo huo Clauser na Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt wakatoa pepa inayoitwa CHSH, ambayo ilirekebisha tatizo moja la kiutendaji: hesabu ya Bell ya 1964 ilidai vifaa visivyokosea kabisa, na maabara hakuna kitu kama hicho. CHSH wakatoa namba moja, S, maelekezo ya vikaratasi hayawezi kuivusha 2, kwanta inafika mpaka 2.83. Sasa mtu wa maabara ana lengo.

1972 Clauser na Stuart Freedman wakafanya jaribio Berkeley, kwa fotoni (chembe za mwanga) za atomi za kalsiamu, kama saa 200 za kukusanya data. Clauser alikuwa anaamini kwanta itaanguka, hata dau aliweka. Kwanta ikashinda. Na je alipewa uprofesa? Hakuna. Wakubwa walimwambia anaharibu maisha yake, Clauser mwenyewe amesimulia jinsi Richard Feynman, mwanafizikia mwenye Nobel, alivyomtoa ofisini alipomweleza anataka kuipima kwanta. Aliomba kazi vyuo vingi, hakuwahi kupata kiti cha uprofesa, akaishia kwenye maabara za kitaifa akifanya mambo mengine kabisa.

Halafu majarida. Miaka ya 70 mhariri wa Physical Review, Samuel Goudsmit, alitoa mwongozo kwamba makala za misingi ya kwanta zisizoleta utabiri mpya wa kupimika zirudishwe. Kwa hiyo watu wa fani hii walikuwa wanaandikiana kwenye kijarida cha Uswisi kilichochapwa kwa taipu na kurudufiwa, Epistemological Letters, chenyewe kinajitangaza kwamba sio jarida la kisayansi kwa maana ya kawaida. Bell kaandika humo, Shimony kaandika humo, Clauser na Horne wamejibizana humo. Mijadala iliyojenga fani nzima, na kwenye orodha ya Garfield ni kama haikuwahi kutokea.

Wa pili Alain Aspect, na huyu ana njia ya kuvutia maana alipita huku Afrika, alifundisha Cameroon miaka mitatu badala ya kwenda jeshi, na ndiko alikojisomea kwanta upya jioni baada ya kazi. Karudi Ufaransa, kapewa pepa ya Bell, kaipenda, 1975 akapanda kwenda Geneva kumweleza Bell mpango wake wa jaribio. Bell kabla ya kusikiliza fizikia yoyote akamuuliza: una kazi ya kudumu? Hilo ndilo swali la kwanza. Aspect akasema ndiyo. Ndipo Bell akakubali kuzungumza.

Mimi nikisoma hapo huwa nasimama. Mtu aliyeandika pepa yenyewe, anajua thamani yake kuliko wote, na bado anaogopa kijana wa watu asije akapotea kwa ajili yake. Kwa sababu aliona ya Clauser.

Mtafiti_Mkavu

Hapo umenishika kidogo. Lakini bado Bell mwenyewe alikuwa salama CERN. Kwa nini? Sio kwa namba?

Dkt_Msukuma

Naingia hapa maana nimesomea fizikia ya chembe. Mtafiti uko sahihi zaidi kuliko unavyodhani, na Kombo hilo ulilipita haraka. Bell hakuwa mtu asiyejulikana. 1969 yeye na Roman Jackiw, aliyekuwa amekuja CERN kijana kabisa toka Marekani, walitoa pepa kuhusu pioni isiyo na chaji, aina ya chembe ndogo inayoishi muda mfupi sana, kuvunjika kuwa fotoni mbili. Hesabu za ulinganifu zilikuwa zinasema isivunjike hivyo kirahisi na yenyewe inavunjika kila siku maabara. Wakaonyesha kwamba ulinganifu unaoonekana kwenye mlinganyo wa kawaida unaweza kuvunjwa na kwanta yenyewe. Stephen Adler kafika kwenye jambo hilo hilo peke yake mwaka huo huo, ndio maana tunaita anomali ya Adler, Bell na Jackiw. Hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, baadae ikawa moja ya ushahidi kwamba kwaki, chembe zinazojenga protoni, zina rangi tatu (jina tu la sifa yake, sio rangi ya macho), na ukitaka kujenga nadharia yoyote ya chembe leo lazima uhakikishe anomali zinafutana. Kwa wanafizikia wa chembe wa miaka ya 70 huyu alikuwa Bell wa anomali, wengi hawakujua kuwa ndiye Bell wa ile kitu ya kwanta. 1972 kachaguliwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi bora ya Uingereza.

Halafu kuna mashine zenyewe. Hesabu alizofanya na Mary za jinsi mihimili ya chembe inavyokaa sawa ziliishia kwenye ripoti za ndani za Harwell na CERN, mainjinia wamezitumia, na ripoti hizo hazihesabiwi popote. 1983 na Jon Leinaas akaja na wazo zuri sana la kutumia elektroni zinazozunguka kwenye mashine kama kipimajoto cha ombwe. Yani mtu mmoja ana makabati matatu, moja limejaa manukuu mapema, moja limejaa akiwa amezeeka, na moja halijai kamwe ingawa ndilo lililomlipa.

Bi_Rehema77

Dkt shikamoo. Hilo la kabati la tatu ni sisi wengi tunaofanya ripoti za wizara na miradi.

Ila mimi nataka kumleta mwanamke mmoja hapa. Kombo umesema watu waliifanya hoja ya von Neumann kama msahafu mpaka Bell. Sio kweli kwamba hakuna aliyeiona kasoro. Grete Hermann, Mjerumani, mwanahisabati, mwanafunzi wa Emmy Noether, aliionyesha kasoro ile ile 1935, kwa maandishi, miaka zaidi ya 30 kabla ya pepa ya Bell kutoka. Alichapa kwenye jarida la falsafa lisilosomwa na wanafizikia, alikuwa mpinzani wa Wanazi na mwaka uliofuata akaikimbia Ujerumani, basi ikalala. Wanafizikia walikuja kumgundua miaka ya 70. Kwa hiyo tukisema kazi nzuri mwisho huibuka tu, wa kumkumbuka ni huyu, maana Bell ilibidi aanze upya kitu kilichokwishaandikwa.

Dkt_Msukuma

Marahaba dada. Hermann ni mfano mkali kuliko Bell, kubali Kombo.

Kombo_Fizikia

Nakubali, tena bila shida. Bell alikuwa na Clauser. Hermann hakuwa na Clauser wake.

Namalizia sehemu ya namba. 1981 na 1982 Aspect na wenzake, Philippe Grangier, Gérard Roger na Jean Dalibard, wakafanya majaribio matatu kule Orsay, la mwisho swichi zinabadilika wakati fotoni ziko njiani kwenye chumba cha kama mita 12 kati ya vipimo. Hapo ndipo watu wa kawaida wa fizikia wakaanza kugeuka. Nukuu zikapanda lakini bado kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kilichozilipua ni matumizi. 1991 Artur Ekert, mwanafunzi wa PhD Oxford, kaonyesha kwamba ukivuka kikomo cha Bell (ile 2 ya S) una uhakika hakuna aliyedukua ufunguo wako wa siri, maana mdukuzi ni sawa na kuweka kikaratasi. Ghafla hoja ya falsafa imekuwa kifaa cha usalama wa mawasiliano. Kompyuta za kwanta zikafuata, hela ya serikali ikafuata, na kila mtu anayeandika utangulizi wa pepa kuhusu chembe zilizofungamana, kama zile pacha zetu za Dodoma, lazima aanze na Bell 1964. Nukuu nyingi za leo ni za utangulizi namna hiyo, na nina wasiwasi wengi wanaoiweka kwenye orodha hawajaifungua. Hata Einstein yale yale: 2015 watafiti wa Indiana walichambua mamilioni ya makala kutafuta zilizolala muda mrefu kisha zikaamka, ile ya 1935 ikawa moja ya zilizo juu kabisa. Pepa ya Einstein, sio ya mtu wa mtaani, nayo ililala.

Ekert alitoa hiyo kazi Agosti 1991. Bell kafariki tarehe 1 Oktoba 1990, Geneva, damu ilivuja kwenye ubongo, ana miaka 62. Mwaka haujatimia. Hakuiona.

2015 kundi la Delft, Uholanzi, wakaziba kwa pamoja kwa mara ya kwanza mianya yote mikubwa ambayo mtetezi wa vikaratasi angeweza kupenyea, elektroni ndani ya almasi mbili kilomita 1.3 mbali, jaribio limerudiwa mara 245, S ikatoka 2.42. Vienna na Boulder wakafuata mwaka huo huo. Na Oktoba 2022 Nobel ikaenda kwa Clauser, Aspect na Anton Zeilinger. Clauser na miaka yake 79, yule aliyekosa kazi. Nobel haitolewi kwa marehemu.

Mtafiti, sasa nikujibu swali lako la turudi wapi. Tusirudi kwa kusalimiana korido. Ila 2005 Jorge Hirsch, naye mwanafizikia, alipobuni ile indeksi ya h, yani una pepa ngapi zilizonukuliwa angalau mara hizo hizo, alitoa kifaa cha kuangalia kazi ya maisha, na sisi tunakitumia kwa kijana mwenye miaka mitano kazini. Yule mama yenu namba ilimfaa kwa sababu kazi yake ilishakaa muda wa kutosha ikaonekana. Kijana mwenye pepa ngumu ya mwaka juzi namba haina la kusema juu yake, si zuri si baya. Hapo mtu kwenye kamati asome. Asome hizo kurasa 6. Kama hakuna kwenye kamati anayeweza kuzisoma wamtafute wa nje anayeweza, na alipwe kwa kusoma.

Mtafiti_Mkavu

Kusoma nakubali. Ila weka na masharti, msomaji awe wa nje ya chuo na asijue jina. Bila hivyo korido inarudi kupitia dirishani.

Kombo_Fizikia

Sharti limepita, naliunga mkono asilimia mia.

Jirani_wa_Nairobi

Swali la mwisho, yule Bell Belfast wamemkumbuka vipi? Na hiyo pepa mtu akiitaka anaipata wapi bila kulipa?

Kombo_Fizikia

Jirani, Belfast wana utaratibu wa kutozipa barabara majina ya watu, kwa hiyo 2015 wakaipa barabara jina la kanuni yake: Bell's Theorem Crescent, iko Titanic Quarter, ule upande ilikojengwa meli ya Titanic.

Pepa ingia kwenye tovuti ya American Physical Society, wao ndio wanaotunza sasa hivi lile jarida lililokufa, limewekwa kwa jina refu Physics Physique Fizika, kitabu cha 1, ukurasa 195, ni bure. Kama hesabu zinakutisha anza na makala yake ya soksi za Bertlmann, CERN wanayo kwenye hifadhi yao nayo bure, halafu ndio urudi kwenye hiyo ya 1964. Ukikwama sehemu ya pili, pale anapoanza kuunganisha wastani wa vipimo, weka picha ya ukurasa hapa, mimi na Dkt tutaipitia na wewe mstari kwa mstari.